Dalali wa nani?

Ukipanda daladala ya Moshono na ukabahatika kiti cha dirishani, hutafika mbali kabla hujasoma ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu, herufi zimepinda kama za mtu mwenye hasira: NYUMBA HII HAIUZWI. Mbele kidogo, kwenye shamba la mahindi, kibao cha bati: KIWANJA HIKI HAKIUZWI, MATAPELI EPUKENI. Mgeni mmoja aliyekuja Arusha kwa mkutano aliwahi kuniuliza kama ni desturi ya huku kutangaza kisichouzwa. Nilicheka, lakini jibu lake halichekeshi. Kila ukuta wa namna hiyo una kesi nyuma yake. Kuna kijana aliyepokea malipo ya awali baba yake akiwa amelazwa. Kuna mume aliyeuza mke akiwa msibani Same, wakati Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Kuna dalali aliyeleta mteja saa nne asubuhi, wenye nyumba wako kazini, akamwonyesha sebule, choo na tangi kana kwamba kazaliwa humo.

Kuta hizo hazinitishi. Zimeshasema lake. Zinazonitisha ni za nyumba ambazo kweli zinauzwa, kwa sababu hizo huwa safi. Zimepakwa rangi juzi.

Nyumba yetu ilikuwa Lemara. Baba aliijenga chumba kwa chumba kuanzia miaka ya themanini, na alipofariki mama akabaki na vyumba vitano, bustani ya sukuma wiki na magoti yanayouma. Mwaka 2019 tukakubaliana ahamie Moshi kwa mdogo wangu, nyumba iuzwe. Mirathi ilikuwa imeshafungwa na hati imeshahamia jina la mama, kwa hiyo upande wa makaratasi tulikuwa na heri kuliko wengi.

Dalali alikuja kabla hatujamtafuta. Nadhani habari aliipata kwa fundi rangi, maana mwezi Julai tulikuwa tunapaka. Kijana nadhifu, viatu vimefutwa, simu mbili mkononi. “Shikamoo yeyo,” akamwambia mama. Sisi ni Wapare, lakini huku yeyo ni mama wa kila mtu.

“Marahaba, baba.”

“Yeyo, mteja ninaye tayari. Wewe nitajie bei yako ya mwisho tu. Hayo mengine niachie mimi.”

Ningekuwa na akili niliyonayo leo ningemsimamisha hapo hapo kwenye “hayo mengine”. Mama akataja milioni 85. Wakakubaliana ujira wa asilimia 5, mama ndiye wa kulipa. Kijana akaongeza sharti moja dogo: tusizungumze bei na mnunuzi, kwa sababu wateja wa siku hizi wakishamwona mwenye nyumba ni mama mtu mzima wanaanza kumlilia shida. Tulilipenda sharti hilo. Mama hajui kukataa mtu anayelia.

Agosti tukasaini mbele ya wakili. Mnunuzi alikuwa baba wa makamo anayeuza vipuri vya magari, mpole, na mkewe aliyekagua kabati za jikoni kwa muda mrefu na kusema ni nzuri. Mkataba ulisema milioni 85. Zikaingia benki zote. Mama akamlipa dalali wake 4,250,000 na juu yake akampa doti ya kitenge ampelekee mkewe. Tuliagana kwa sala.

Mwaka huo vuli ilikataa kuisha. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida na Afrika Mashariki nzima ilinyeshewa kuanzia Oktoba mpaka tukasahau jua la Desemba. Siku moja kabla ya Krismasi simu ikaita: mke wa mnunuzi. Mita ya LUKU bado inasoma jina la marehemu baba, je, tunaweza kuwasaidia wabadilishe? Nikamwambia hakuna shida. Akanyamaza kidogo.

“Dada, naomba nikuulize kitu, usinielewe vibaya. Haya maji ya jikoni mlikuwa mnayajua?”

Nilikuwa nayajua tangu niko darasa la tano. Mvua ikizidi siku tatu mfululizo, maji yanapanda kutoka chini ya sakafu kwenye kona ya nyuma, taratibu, bila kelele, na kazi yetu sisi watoto ilikuwa kupandisha gunia la mchele juu ya stuli. Kila mwaka ukuta wa kona ile ulibaki na mstari wa chumvichumvi kufikia kwenye goti. Na kila mwaka ulipauka tukauzoea. Julai ile fundi aliukwangua, akapiga plasta mpya, akapaka rangi ya krimu. Naapa hakuna aliyesema “tuufiche”. Tulisema “tuipendezeshe nyumba”. Lugha yetu ina upole wa namna hii unapohitajika.

“Mvua za mwaka huu zimezidi, dada,” nikajibu.

“Sawa. Ila kwa milioni tisini na saba nilitegemea angalau jiko liwe kavu.”

“Tisini na ngapi?”

Hivyo ndivyo tulivyojua. Kwao bei ilitajwa 97. Dalali aliwaambia kwamba yeyo ni mama mjanja: anataka mkataba uandikwe 85 ili asikamuliwe ile kodi ya asilimia 10 ya faida ya mauzo, na milioni 12 zilizobaki azipate taslimu, mkononi, zisionekane popote. Walizihesabu ndani ya gari lake, wakamkabidhi ampelekee mama. Kwa hiyo siku ile mbele ya wakili, wakati mama anasali tuagane salama, wenzetu walikuwa wanamtazama wakijua ni mkwepa kodi mcha Mungu.

Wanaofanya kazi hii wana jina la hizo milioni 12. Wanaziita cha juu. Mwenye mali anasema bei yake, dalali anaweka yake juu, na tofauti ni ya kwake. Si siri hata kidogo. Muulize dalali yeyote kijiweni atakueleza bila haya, hata wengine wanaona ndiyo kazi yenyewe na asilimia ni zawadi. Kwa nyumba ile kijana aliondoka na 16,250,000 na kitenge.

Nilimpigia. Sifa moja nampa: hakukata simu. “Dada, yeyo alitaka themanini na tano. Si amepata themanini na tano? Mimi nimemwibia nini?”

Swali hilo nililitafuna mwaka mzima, na nakiri kwamba kwa wiki za mwanzo lilinishinda. Kweli, aliiba nini? Mama aliridhika. Mnunuzi aliridhika mpaka mvua ilipokuja. Muda ulipita ndipo nikaona kwamba swali lake linafunikwa na lingine alilotuzuia tusiliulize siku ya kwanza: wewe ni dalali wa nani? Kama alikuwa wa mama, kazi yake ilikuwa kumpatia mama bei kubwa iwezekanavyo, na mtu mwenye 97 mfukoni alikuwa ameshapatikana. Kama alikuwa wa mnunuzi, kazi yake ilikuwa kumwambia mama huyu mwisho wake ni 85. Alilipwa na wote wawili na hakuwa wa yeyote. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huyu zilimnenepesha.

Watu husema hapa kwetu hakuna sheria, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Si kweli sana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo tumekuwa nayo tangu 1961 na ambayo kwa sehemu kubwa ni mtoto wa sheria ya India ya 1872, ina sehemu nzima kuhusu wakala na anayemtuma. Ndani yake kuna jambo ambalo lingemfaa mama: wakala akijifanyia biashara yake mwenyewe ndani ya biashara aliyotumwa, bila kumwambia aliyemtuma, basi aliyemtuma ana haki ya kuidai faida ile. Kwa Kiswahili cha Lemara, cha juu ni cha yeyo.

Tatizo ni kuthibitisha. Makubaliano ya mama na dalali yalikuwa ya mdomo, barazani, chai ikiwa mezani. Milioni 12 zilipita ndani ya gari bila risiti. Shahidi pekee ni mnunuzi, na mnunuzi akisimama kueleza atakuwa anakiri kwamba alisaini mkataba wenye bei ya uongo akijua. Ukitazama vizuri ndiyo sababu ya ule uzushi wa kodi: ulimpa mnunuzi sababu ya kulipa na papo hapo ukamziba mdomo. Wakili niliyemuuliza alitikisa kichwa kwa kitu kilichofanana na heshima.

Kinachokosekana ni kitu kidogo kuliko sheria kubwa. Mthamini wa nyumba ana sheria yake ya 2016, ana bodi, ana mtihani. Dalali wa mnada anahitaji leseni. Kenya walitunga sheria ya mawakala wa nyumba na kuwawekea bodi ya usajili mwaka 1984. Yule kijana wa kwetu, mwaka 2019, alihitaji simu mbili na miguu. Neno dalali lenyewe limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kuonyesha njia, kuelekeza. Hakuna aliyemlazimisha mwonyesha njia aseme kwanza anakupeleka kwa nani.

Hilo la dalali nimelieleza kwa kirefu kwa sababu ni tamu kulieleza. La jiko ni chungu, kwa hiyo nalo lazima nilifikie.

Sheria ile ile ya Mikataba inagusa upande wetu. Kwa kawaida inamwambia mnunuzi ajihadhari: kunyamaza tu, muuzaji asipoulizwa, si ulaghai. Nilipofika hapo nilipumua. Halafu nikaendelea kusoma. Kuficha kwa makusudi kitu unachokijua, hapo ni ulaghai, na mkataba unaweza kutenguliwa na aliyelaghaiwa. Kunyamaza tulinyamaza, sawa. Lakini plasta mpya na rangi ya krimu kwenye kona moja iliyojulikana haikunyamaza. Ilikuwa inamwambia yule mama aliyekagua kabati: hapa pakavu.

Nilimweleza mama yote, ya dalali na ya jiko. Kwenye habari ya dalali alisema maneno mawili ya Kipare ambayo sitayaandika. Kwenye ya jiko alikaa kimya, kisha akauliza mtaro wa kuzunguka ule upande wa nyuma ungegharimu kiasi gani. Nikasema labda milioni 2. “Watumie,” akasema. “Wao hawakuuliza, na sisi tulijua kwa nini hawakuuliza.” Walituma picha ya mtaro Februari.

Baada ya hapo nilishikwa na ugonjwa wa kusoma jinsi wenzetu wanavyofanya. Mume wangu anasema nilikuwa sivumiliki mezani.

Kesi niliyoipenda kuliko zote ni ya mizimu. Mji wa Nyack, jimbo la New York, ukingoni mwa mto Hudson, kulikuwa na nyumba ya mama mmoja, Helen Ackley, ambaye kwa miaka alikuwa anawasimulia waandishi kwamba nyumba yake ina mizimu. Habari ikatoka mpaka kwenye jarida la Reader's Digest. Alipoiuza kwa dola 650,000, mnunuzi kutoka New York mjini, Jeffrey Stambovsky, hakuambiwa. Akaweka dola 32,500 za mwanzo, akaja kusikia stori mtaani, akataka kujitoa. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ikaamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba kwa mujibu wa sheria nyumba ile ina mizimu. Hoja yao si kwamba waliiona. Ni kwamba mwenye nyumba aliyeitangazia dunia hawezi kugeuka na kukana, na mnunuzi hata akague vipi, mabomba na paa na msingi, mzimu hataukuta. Stambovsky akaruhusiwa kuvunja mkataba. Dalali je? Madai dhidi yake yalitupwa. Nilipofika hapo nilimsomea mama kwa sauti, akasema, “Unaona? Hata huko.”

Lakini California walikuwa wameshamfikia dalali, mwaka 1984. Mama mmoja alinunua nyumba mwaka 1976 kwa dola 170,000; muda mfupi baadaye kilima kikaporomoka. Nyumba ilijengwa juu ya udongo wa kujazia usioshindiliwa vizuri, na wauzaji walijua kwamba ulishaporomoka kabla. Madalali hawakuambiwa na wauzaji. Ila mmoja wao aliona wavu umetandikwa kwenye mteremko, na mwingine aliona sakafu ya kibanda cha wageni haiko sawa. Hawakuuliza, hawakusema. Mahakama ikasema dalali ana wajibu wa kukagua yale yanayoonekana na kumwambia mnunuzi anachokiona. Kutoka kwenye kesi ile ikaja sheria, na tangu 1987 muuzaji wa nyumba huko anajaza fomu ndefu: paa linavuja? kuna mafuriko? kuna mgogoro wa mpaka na jirani? Dalali naye ana sehemu yake ya kuandika alichokiona kwa macho yake. Yule wetu alikuja Julai, harufu ya rangi mbichi bado imejaa jikoni, kona moja tu ina plasta mpya. Macho alikuwa nayo.

Afrika Kusini wako karibu nasi zaidi na wamefanya kitu ninachokihusudu. Sheria yao mpya ya kazi ya udalali wa nyumba ilianza kutumika tarehe 1 Februari 2022. Muuzaji anajaza fomu ya kasoro, anasaini, na dalali haruhusiwi kupokea kazi ya kuiuza nyumba bila fomu hiyo. Inaambatishwa kwenye mkataba. Isipokuwepo, mkataba unasomwa kana kwamba mnunuzi hakuambiwa kasoro yoyote. Yaani kimya, ambacho huku kwetu ndicho kichaka cha muuzaji, kule kinageuka kuwa mzigo wake.

Na kuhusu swali langu, dalali wa nani, New York wana karatasi ambayo dalali anapaswa kukupa mnapoanza mazungumzo ya maana, inayosema kama yeye ni wa muuzaji, wa mnunuzi, au wa wote kwa ridhaa ya wote. Uingereza, kwa sheria yao ya 1979, dalali mwenye maslahi yake binafsi kwenye biashara lazima ayaseme kabla ya majadiliano. Sidhani waliotunga waliwahi kusikia neno cha juu, lakini walikuwa wanakiongelea hicho hicho.

Nisije nikaonekana nawasifia tu. Hao hao Wamarekani, Oktoba 2023, baraza la waamuzi mjini Kansas City liliona kwamba chama chao kikubwa cha madalali na kampuni kadhaa walikuwa wamekula njama ya kupandisha kamisheni, na fidia ikatajwa karibu dola bilioni 1.8. Mwaka uliofuata chama kikakubali kulipa milioni 418 kumaliza kesi, na kuanzia Agosti 2024 dalali wa mnunuzi lazima awe na makubaliano ya maandishi, malipo yake yakiwa yametajwa, kabla ya kumwonyesha mteja nyumba. Nchi iliyojaza fomu za kasoro kwa miaka thelathini na zaidi, bado watu walikuwa hawajui dalali wao analipwa nini na nani.

Hapa Arusha sasa hivi ndiyo wakati mbaya wa kutouliza. Uwanja wa AFCON ya 2027 unajengwa kata ya Olmoti, na kila kiwanja kuanzia Muriet mpaka karibu na Kisongo kimekuwa “karibu na uwanja”. Karibu ya dalali haina kipimo. Nilipelekwa kwenye karibu moja tukatembea dakika arobaini. Tangazo linasema “hati safi, umeme na maji vipo, gari inafika mpaka ndani, maongezi yapo”. Halisemi kwamba ukuta wa mbele uko ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu sasa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, si 22.5 ya zamani. Halisemi kwamba nyumba iko ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hayo mnunuzi anaweza kuyapima kwa futi kamba, na hati anaweza kuifanyia upekuzi kwa Msajili wa Hati aone kama ina rehani au zuio. Kuna mengine hayapimiki kwa futi kamba.

Miaka sita kabla ya kuuza Lemara, yaani 2013, mimi na mume wangu tulinunua nyumba ndogo Usa River. Ilikuwa na kisima. Dalali wa siku ile, mtu mzima wa maneno machache, alichota kikombe akanywa mbele yetu. “Maji matamu haya. Mkichemsha basi, hata mtoto anakunywa.” Binti yetu alikuwa na miaka miwili. Tulichemsha kila siku, kwa uaminifu.

Wenyeji wa miteremko ya Meru wanajua nitakachosema. Maji mengi ya upande huu yana floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo mbali. Kuchemsha hakuiondoi, kinyume chake maji yanapungua kwa mvuke na floridi inabaki. Pale Ngurdoto, hatua chache kutoka kwetu, kuna kituo kilichofanya kazi miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Sisi tulikuwa tunapita hapo kwenda sokoni. Meno ya utotoni ya binti yetu yalikuwa meupe. Mwaka 2018 yakaanza kuja ya ukubwani, na yalikuja na madoa ya kahawia.

Hesabu miaka. 2018 nililia kwa sababu mtu aliniuzia nyumba akijua na hakusema. 2019 nilisimama na fundi rangi jikoni Lemara nikimwambia aongeze koti la pili.

Mwaka jana tuliamua kuuza Usa River turudi mjini. Nilimtafuta dalali mzee anayefahamika, nikamwandikia ukurasa mmoja: wewe ni dalali wangu mimi, ujira wako ni asilimia 5 na ninaulipa mimi, mnunuzi ataambiwa bei na mimi mwenyewe, hakuna cha juu. Aliusoma mara mbili, akautazama upande wa nyuma kama kuna kitu kimejificha, akasaini. Kisha nikampa wa pili, wa kumpa mteja. Paa lilivuja 2021, likatengenezwa. Shimo la choo liko mita chache tu kutoka uzio wa jirani na jirani hulalamika. Umeme ni mdogo jioni. Kisima kina floridi nyingi, maji yake ni ya kufulia na kumwagilia, watoto wasinywe hata yakichemshwa.

“Mwanangu,” akasema, “hii karatasi unauzia nyumba au unafukuzia watu?”

Mteja wa kwanza alifukuzika kweli. Wa pili alitaka nipunguze robo ya bei kwa ajili ya mstari mmoja, nikakataa. Wa tatu walikuwa mke na mume vijana, mtoto mgongoni. Walikaa sebuleni wakasoma pamoja, kidole cha mke kikifuata mistari. Kidole kikasimama kwenye kisima.

“Hii floridi,” akauliza, “inamfanyaje mtoto hasa?”

Nikaanza kueleza. Nikasema miligramu, nikasema mifupa, nikajisikia naongea kama kipeperushi cha zahanati. Binti yangu alikuwa anaingia na sinia la chai. Ana kawaida ya kufunika mdomo kwa kiganja akicheka. Hakuna aliyemfundisha, ilikuja na meno. Aliweka sinia mezani, akamwamkia yule dada, akapiga magoti mbele yake kwenye zulia, akafungua mdomo akamwonyesha.